Mbwa, Kigwe na Twahara: Kijana wa Mwambao Achague Mikanda Gani?

Wazee wetu wa mwambao walituachia methali isemayo kwamba mchezea mbwa huingia naye msikitini. Hawakuwa wakimsema mbwa hasa. Walikuwa wakimwonya mtu anayejizoeza na asiyejua mipaka, kwamba siku moja atamwaibisha mbele ya watu. Lakini walimchagua mbwa kuwa mfano kwa sababu kila msikilizaji, mkubwa kwa mdogo, alijua kuwa mbwa ana mahali pake na msikiti una mahali pake, na baina ya viwili hivyo pana masafa.

Siku hizi masafa hayo yamepungua, wala si kwa sababu ya mchezo. Tangu gari moshi la reli mpya lilipoanza kuchukua abiria mwaka 1.6.2017, kila asafiriye kwenda Nairobi kutoka kituo cha Miritini huweka mizigo yake chini kwa mstari, akarudi nyuma, mbwa akapitishwa kuinusa begi moja baada ya jingine. Katika bandari ya Kilindini mbwa huletwa kunusa makontena, wakitafuta pembe za ndovu. Baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, ukaguzi wa mlangoni umekuwa jambo la kawaida katika mahoteli na maduka makubwa. Na usiku ukiingia, ukipita Nyali, Diani au kwenye maghala ya Shimanzi na Changamwe, utawaona maaskari wa kampuni za ulinzi wakizunguka na mbwa.

Sasa tujiulize: ni nani anayeshika kile kigwe? Baadhi yao ni watu waliotoka bara. Lakini wengine ni vijana wetu wenyewe, waliosoma chuoni, wanaojua kutawadha, wenye mama zao nyumbani Majengo au Kisauni wanaongojea mshahara wa mwisho wa mwezi. Kijana wa namna hiyo akirudi nyumbani alfajiri hukutana na maswali. Shangazi hataki aketi mkekani. Mwenziwe wa safu humwangalia kanzu. Na yeye mwenyewe, moyoni mwake, hana uhakika kama sala aliyoisali lindoni imesihi au haikusihi.

Makala haya basi yanahusu kitu kidogo ambacho watu wengi hawakifikirii: ile mikanda anayovishwa mbwa wakati wa kutembezwa. Huenda msomaji akasema hilo ni jambo la Wazungu wanaofuga mbwa kama watoto. La. Kwa mtu wa mwambao, mikanda hiyo ndiyo inayopima masafa baina ya mnyama na mtu, ndiyo inayoamua kama mate yatafika mkononi au hayatafika, na ndiyo inayomzuia mbwa asimguse mpita njia. Ikichaguliwa vibaya hudhurika watatu: mshikaji, mpita njia, na mnyama mwenyewe ambaye hana mdomo wa kulalamika.

FIKIHI YASEMAJE?

Tuanze na dini, maana wasomaji wetu wengi watataka kulijua hilo kwanza. Sisi watu wa mwambao twafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo mbwa ni najisi nzito, mwili wake wote, mate yake, jasho lake na manyoya yake. Madhehebu mengine hayakukaza hivyo. Imamu Malik aliona kwamba mbwa aliye hai ni twahara, na kuosha chombo alichokilamba ni ibada tu ya kufuata amri. Wafuasi wa Abu Hanifa huyahesabu mate yake kuwa najisi, lakini si manyoya. Twayataja haya ili msomaji ajue kuwa tofauti hizi ni za wanachuoni wakubwa, na kwamba Muislamu wa Morocco au wa Uturuki anayemgusa mbwa bila ya kutaharuki hajaacha dini yake.

Hata hivyo, kwa Mshafii, mambo manne yafaa kukumbukwa. La kwanza, kikavu kikigusa kikavu najisi haihami. Mbwa mkavu akipitisha mgongo wake kwenye suruali kavu, suruali haikunajisika. La pili, unyevu ndio unaopitisha najisi. Pakiwa na mate, maji ya mvua au jasho, hapo pana kuosha mara saba, na mara moja katika hizo iwe kwa mchanga safi uliochanganywa na maji. La tatu, kumgusa mbwa hakutengui udhu. Kinachotakiwa ni kuiosha ile sehemu iliyonajisika. Aliyekwisha kutawadha hana haja ya kuanza upya kwa sababu hiyo peke yake. La nne, mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mashamba ameruhusiwa tangu zamani, na wanachuoni wengi wamemwingiza humo mbwa wa kulinda nyumba na mali. Kur-ani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, imehalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa. Wakulima wetu wanaopambana na nguruwe mwitu na nyani wamekuwa wakifuga mbwa miaka nenda miaka rudi, na hakuna shekhe aliyewatoa katika Uislamu.

Liko pia jambo la tano ambalo vijana wengi hawalijui, nalo linahusu kigwe hasa. Katika vitabu vya fikihi ya Kishafii vinavyosomeshwa katika darsa zetu, kama vile Minhaj, mna mas-ala ya mtu anayesali huku ameshika ncha ya kamba ambayo upande wake wa pili umegusana na najisi. Hukumu iliyotiliwa nguvu ni kwamba sala yake haisihi, hata kama kamba haitikisiki. Lakini akiiweka ncha hiyo chini na kuikanyaga kwa mguu, hapana dhara. Wenye kudhani kwamba vitabu hivyo vya kale havina habari na maisha ya leo wamtazame askari wa zamu ya usiku aliyejifunga kigwe cha mbwa kiunoni akasimama kusali Isha. Mas-ala hayo yamhusu yeye hasa. Dawa yake ni nyepesi: amfunge mbwa kwenye nguzo au pete ya ukutani, asogee mahali safi, asali, kisha arudi kazini.

Kutokana na hayo tunaona kwamba adui wa kijana wetu ni unyevu. Na mji wa Mombasa, kila mtu ajua, ni mji wa unyevu. Viganja hutoka jasho mchana na usiku. Mbwa naye huhema mdomo wazi, mate yakidondoka. Hapo ndipo uchaguzi wa mikanda unapoingia.

AINA ZA MIKANDA

Zamani mbwa alifungwa mkanda au mnyororo shingoni, na mpaka leo wengi hufanya hivyo. Kwa mbwa mtulivu asiyevuta, mkanda wa shingoni unatosha. Lakini mbwa anayevuta hujikaba mwenyewe. Mkanda hulibana koo na mishipa, mnyama akakohoa na kukoroma. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba mbwa anapovuta kwa mkanda wa shingoni, mkazo wa ndani ya macho yake hupanda, lakini akivuta kwa mikanda ya kifuani mkazo huo haupandi. Mbwa mwenye maradhi ya macho au ya koo hafai kabisa kuvutwa kwa shingo. Ama minyororo ya kujikaza yenyewe na ile yenye meno ya chuma inayochoma shingoni, hiyo humfundisha mnyama kwa maumivu, na mnyama aliyefundishwa kwa maumivu mara nyingi huyalipa kwa kuuma.

Ndiyo maana wajuzi wengi siku hizi husifu mikanda ya kifuani, yaani ile inayozunguka kifua na mbavu na kuliacha koo huru. Hii nayo ina aina zake, na kila aina ina lake.

Aina ya kwanza ina pete ya kigwe mgongoni. Hii ni rahisi kuvisha, kigwe hakimtegi mbwa miguuni, na pete iko mbali na mdomo. Kasoro yake ni kwamba mbwa mwenye nguvu hupata mahali pa kuegemeza kifua chake chote, akavuta kama punda wa mkokoteni. Na si ajabu, kwa sababu mbwa wanaokokota magari ya barafuni kule kaskazini ya dunia hufungwa mikanda iliyojengwa kwa msingi huo huo, mzigo ugawanyike kifuani na kamba itokee nyuma.

Aina ya pili ina pete mbele, kifuani. Mbwa akivuta, kigwe humgeuza ubavu akajikuta anamtazama mshikaji. Kwa hiyo hata mtu asiye na misuli mingi anaweza kumtawala mbwa mkubwa. Lakini msomaji aliyefuata maelezo yetu ya fikihi atakwisha kuona tatizo: pete ya kifuani iko chini ya kidevu, na mate yote ya mbwa anayehema huishia hapo. Kigwe hulowa, na mkono wa mshikaji hulowa pamoja nacho. Mbwa ajuaye kuvuta hutawalika vizuri kwa aina hii, na mshikaji Mshafii huchafuka upesi kwa aina hii.

Aina ya tatu ina pete mbili, moja mgongoni na moja kifuani. Kwa maoni yetu hii ndiyo inayomfaa zaidi kijana wa mwambao anayefanya kazi ya ulinzi. Wakati mbwa angali anafundishwa, kigwe hufungwa mbele na mshikaji huvaa glavu. Akishatulia na kuacha kuvuta, kigwe huhamishiwa mgongoni ambako ni pakavu. Ikiwa mikanda hiyo ina mshiko mfupi juu ya mgongo, ni bora zaidi, kwa sababu penye msongamano wa watu, kama vile mlangoni mwa kituo au kwenye kivuko cha Likoni, mshikaji humshika mbwa karibu na mwili wake asimpapase mtu kanzu au buibui kwa pua yake.

Aina ya nne ni ile ambayo mbwa huingizwa miguu ya mbele ndani ya mikanda, kisha ikafungwa mgongoni. Hii humlazimu mtu kushika nyayo za mbwa moja moja, na nyayo hizo zimekanyaga kila uchafu wa barabarani. Kwa mtu anayejali twahara hiyo ni taabu ya bure. Kadhalika ile inayopitishwa kichwani humlazimu kupitisha mikono yake karibu na mdomo. Mikanda yenye bizimu pande zote mbili hupunguza taabu hii. Hulazwa juu ya mgongo, ikafungwa shingoni na ubavuni, basi.

Msomaji asidhani, hata hivyo, kwamba kuna mikanda isiyo na dhara. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ile yenye ukanda unaokata kifua kwa mlalo huzuia mabega, na ile yenye umbo la herufi Y huyaacha huru. Watafiti wa Uingereza walipowapima mbwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019, walikuta kwamba aina zote mbili hupunguza mnyoosho wa bega, na ile iliyosifiwa kuwa haizuii ilipunguza zaidi. Funzo tunalolipata ni kwamba mikanda ni vazi la kazi. Kazi ikimalizika ivuliwe. Kumwacha mbwa navyo usiku na mchana, kama wafanyavyo baadhi ya wenye maghala, ni kumtesa.

NGOZI, NAILONI NA HEWA YA BAHARI

Baada ya umbo, tazama kitu iliyotengenezwa. Wengi huipenda ngozi kwa heshima yake na ulaini wake. Lakini Mshafii anunuaye ngozi yampasa kuuliza: ni ngozi ya mnyama gani? Katika madhehebu yetu ngozi ya mzoga hutwahirika kwa kudabighiwa, isipokuwa ngozi ya mbwa na ya nguruwe. Na ngozi ya nguruwe hutumika sana duniani kutengenezea glavu na bitana za ndani. Yeye aliye na macho mazuri anaweza kuitambua, maana vitundu vya manywele yake hukaa vitatu vitatu. Haina maana kijana kujikinga na mate ya mbwa kwa glavu ambayo yenyewe ni najisi.

Pili, ngozi na hewa yetu haviafikiani. Yeyote aliyewahi kuacha viatu kabatini wakati wa masika ajua jinsi ukungu unavyoota. Ngozi inayolowa na kukauka kila siku hukakamaa, ikapasuka, na makali ya mpasuko huchuna kwapa za mnyama. Ngozi pia huoshwa kwa shida, na mikanda ya mbwa wa Muislamu sharti iwe ya kuosheka.

Nailoni ni imara, ni rahisi, huoshwa kwa maji na sabuni na hukauka upesi. Ila ile nyembamba na ngumu hukata kama uzi wa mshipi wa kuvulia. Chagua ile pana, yenye kingo laini, iliyotiwa bitana ya wavu mwepesi kifuani na chini ya mbavu. Jihadhari na ile iliyojazwa sponji nene inayofunika nusu ya mwili. Hiyo imebuniwa kwa nchi za baridi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Joto la mwili wake wa kawaida ni kama digrii 38 hadi 39, na likipindukia 41 maisha yake yamo hatarini. Kumvalisha koti wakati wa kaskazi, mwezi wa Februari au Machi, ni kumpika. Wakati mzuri wa kumtembeza ni baada ya sala ya Alfajiri na jioni jua likizama. Lami ya saa saba mchana huunguza nyayo.

Tatu, yatazame mabizimu na pete. Chuma kilichopakwa rangi ya fedha hakidumu miezi mingi katika chumvi ya bahari. Hushika kutu ndani kwa ndani, kisha siku mbwa anaporuka kumfukuza paka, pete hukatika. Shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu hugharimu zaidi siku ya kununua, lakini hudumu. Mabizimu ya plastiki yafaa kwa mbwa mdogo. Kwa mbwa wa ulinzi kama German Shepherd au Rottweiler, taka ya chuma. Na mshono utazame kama unavyotazama mshono wa tanga: uwe na mraba wenye msalaba ndani yake, uzi mnene, wala usiwe mstari mmoja tu. Fundi wa viatu au wa maturubai aliye hodari anaweza kushona mikanda mizuri akipewa nailoni ya kweli na kipimo sahihi.

VIPIMO

Kipimo sahihi ndicho kinachosahauliwa. Chukua utepe wa fundi cherehani, au kamba ya kawaida uipime baadaye kwa rula. Pima mahali pawili: mzunguko wa shingo pale inapoungana na mabega, na mzunguko wa kifua pale kilipo kipana kabisa, nyuma ya miguu ya mbele. Usinunue kwa kukisia aina ya mbwa, kwani wawili wa tumbo moja huhitilafiana vifua.

Ukishamvalisha, jaribu kupenyeza vidole viwili bapa baina ya ukanda na mwili, kila mahali. Visipoingia, imembana. Mkono mzima ukipita, imelegea, naye atajivua kwa kurudi kinyumenyume. Mkanda wa mbele ukae juu ya mfupa wa kidari, usipande kooni. Mkanda wa nyuma ukae mbali kidogo na kwapa, usisugue anapopiga hatua. Mwache atembee robo saa, kisha mvue uangalie ndani ya kwapa na chini ya kifua. Ukiona wekundu au manyoya yaliyokatika, kipimo si hicho. Mtoto wa mbwa apimwe upya kila juma, kwa sababu hukua upesi. Na baada ya kutembea ufukoni, mnyama na mikanda yake wasuuzwe kwa maji baridi, maana chumvi ikikauka ndani ya ukanda husugua kama msasa.

WAAJIRI NAO JE?

Mpaka hapa tumesema na kijana. Sasa tuseme na anayemlipa. Mara nyingi askari hakichagui chombo chake. Hupewa mnyororo wenye kutu na mbwa asiyemjua, akaambiwa aanze zamu. Akiuliza habari ya glavu, huambiwa kwamba anajidai. Akiomba dakika kumi za kujitwahirisha, huonekana mvivu. Mambo haya hayahitaji mali nyingi kuyarekebisha. Kila mshikaji apewe glavu zisizopitisha maji na sare ya pili ya kubadilisha. Kila lindo liwe na bomba la maji na ndoo ya mchanga safi. Pawe na pete imara ya kumfungia mbwa wakati wa sala na wa kula. Kila mbwa awe na mikanda yake kwa kipimo chake, badala ya seti moja kuvishwa watano kwa zamu. Kampuni itakayofanya hivyo haitakosa vijana waaminifu wa Kiislamu, na mbwa wake wataishi zaidi. Juu ya hayo, nchi hii ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na vidonda vya mikanda shingoni mwa mnyama wa kazi si jambo ambalo sheria hiyo inalifumbia macho.

Umma nao una haki yake. Mbwa anayetembezwa njiani bila ya kigwe ni hatari kwa wote, awe wa tajiri wa Nyali au koko wa mtaani. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ukishaonyesha dalili kwa binadamu, kwa kawaida hauna dawa, na takriban visa vyote vya binadamu hutokana na kuumwa na mbwa. Serikali ya Kenya ilijiwekea mpango wa kuutokomeza kufikia mwaka 2030, na msingi wa mpango huo ni kuwachanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Mbwa aliyezoea mikanda na kigwe ni rahisi kupelekwa kuchanjwa. Asiyewahi kufungwa hukamatwa kwa vita. Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yatiririkayo na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje, wala asitie pilipili au mafuta ya taa.

MFANO WA NG'AMBO

Wako watakaosema kwamba mambo haya mawili, dini na mbwa wa kazi, hayapatani. Na watazame yaliyopita Uingereza. Huko vipofu wamekuwa wakiongozwa na mbwa tangu mwaka 1931, na mbwa hao huvaa mikanda yenye mshiko mgumu mrefu mgongoni, ili kipofu ahisi kila mnyama anapogeuka au kusimama. Utaratibu wenyewe ulianzia Ujerumani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, kwa ajili ya askari waliopofuka, na shule ya kwanza ilifunguliwa Oldenburg mwaka 1916. Mwaka 2008 kijana mmoja Muislamu asiyeona, wa mji wa Leicester, aliruhusiwa kwenda msikitini na mbwa wake. Mbwa hakuingia ukumbi wa sala. Alitengewa mahali pake pa kungojea, kijana akaingia kusali, akamaliza, akatoka akamshika tena. Shida ya kweli ilitazamwa, wanachuoni wakaulizwa, na mpaka ukachorwa mahali panapojulikana. Mshiko ule mgumu wenyewe ni sehemu ya mpaka huo, kwa kuwa humweka mnyama urefu ule ule kutoka kwa mtu kila wakati.

Mashekhe wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa vijana wa ulinzi. Darsa moja baada ya Ijumaa, yenye maelezo ya unyevu na ukavu, ya mara saba na mchanga, na ya kigwe wakati wa sala, itawaondolea wengi wasiwasi wanaoubeba peke yao. Kumwambia kijana aache kazi ni rahisi kwa yule ambaye hamlishi. Kumwambia asijali kabisa ni kumdharau, kwa kuwa yeye anajali, na ndiyo maana anauliza.

Wazee waliotunga ile methali walimkataza mtu kuchezea, hawakumkataza kulinda. Yeye aliyeshika kigwe kikavu, kwa glavu safi, mbwa wake akiwa ndani ya mikanda iliyompasa vizuri, hachezi. Anafanya kazi ya halali na anaijua mipaka yake. Shangazi na amtandikie mkeka, amwekee na uji wake, kisha amuulize lindo limekwendaje.